Siku Saba za Kadi ya Picha

Haya nimesimuliwa na mjukuu wangu wa kike, Jumapili iliyopita, alipokuja kunikata kucha za miguu. Mgongo wangu hauniruhusu tena kufika huko chini, na yeye hawezi kufanya kazi akiwa amefunga mdomo. Alianzia kidole gumba cha kulia, akamaliza kwenye kidole kidogo cha kushoto, na hapo katikati aliniacha mara mbili na mguu hewani kwa sababu ya kucheka.

Ameolewa na mwoka mikate. Wanaishi chumba kimoja kikubwa walichokigawa kwa pazia: mbele kuna meza, jiko na kabati, nyuma kuna kitanda. Mume anakesha usiku kucha bekari, anarudi saa mbili asubuhi nyusi zimejaa unga, anaoga, anakula, analala mpaka saa nane. Mke anaingia kazini saa saba mchana, kwenye duka la fotokopi. Basi asubuhi mmoja analala, mwingine anacheza gemu.

Ndiyo, gemu. Mwanamke mzima na pete kidoleni. Nami nilishangaa hivyo hivyo. Gemu lenyewe ni la malori: unaendesha lori kwenye kioo cha kompyuta, unapakia mzigo mji huu, unaushusha mji ule, na hakuna anayekulipa hata nauli. Nikamuuliza, "Sasa faida yake nini?"

"Bibi, faida yake ni Kimya."

Kimya ni mdogo wake. Tulimwita hivyo tangu utoto, maana alikuwa mtoto wa kukanyagwa mguu akasema samahani kwa macho. Sasa yuko nchi ya mbali, anapanga masanduku ghalani, na huko usiku unaingia wakati sisi huku tunaamka. Mama yao, binti yangu, alipofariki, Kimya hakuwahi mazishi. Tangu siku hiyo ukimpigia simu ni "Mzima?" "Mzima." "Umekula?" "Nimekula." "Haya." Unabaki umeshika simu kama umeshika jiwe.

Lakini mpe usukani, hata wa lori la uongo, mdomo wake unafunguka. Anaendesha mbele, dada yake nyuma, hedifoni masikioni, na katikati ya kona na matuta anasema mambo. Kwamba miguu inamvimba. Kwamba amejifunza kupika maharage yasiungue. Mimi namwelewa sana. Maneno yangu mazito karibu yote nimeyasema sindano ya kufuma ikiwa mkononi, macho yakiwa kwenye uzi.

Kisha wenye gemu wakalitengeneza upya. Likawa zuri zaidi, na zito zaidi, kompyuta ya mjukuu wangu ikagoma kabisa kulifungua. Miezi miwili wakarudi kwenye "mzima, mzima."

Ndipo akaenda kwa fundi wa kompyuta, yule wanayemwita Miwani. Akamweleza. Miwani akamwambia ugonjwa ni kadi ya picha. Hicho ni kipande cha ndani ya kompyuta, kirefu kama kiatu cha mtu mzima, kina feni zake, na kazi yake ni kuchora kila unachokiona kwenye kioo. Ya zamani ilikuwa imechoka. Akamfungia nyingine, iliyotumika kidogo, akachukua ile ya zamani na nyongeza ya pesa juu yake.

"Nakupa siku saba," Miwani akasema. "Ikikusumbua, ilete siku ya saba kabla sijafunga, saa kumi na moja jioni. Nakurudishia ya kwako na chako chote. Ukifika saa kumi na moja na dakika moja, dada yangu, tutasalimiana tu."

Kadi ikaenda nyumbani. Ilikuwa na taa, nyekundu, kijani, bluu, zinapokezana nyuma ya kioo cha ubavuni mwa kompyuta. Kasha la kompyuta halikuenea mezani, kwa hiyo walikuwa wameliweka sakafuni nyuma ya pazia, upande wa miguu ya kitanda, na nyaya zikapita chini ya pazia kwenda mezani.

Siku ya kwanza mjukuu wangu alilia. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye gemu na matone yalikuwa yanateleza kwenye kioo cha lori moja moja, kila tone na mwanga wake. Kimya akamwambia, "Karibu tena barabarani, dada. Nilikuwa naendesha peke yangu kama mwizi."

Ilipopita nusu saa hivi, nyuma ya pazia kompyuta ikaanza kunguruma. Ikanguruma, ikapiga mluzi, kioo kikaganda, ikajizima yenyewe.

Mchana kabla ya kazi hakuwa na muda. Usiku, mume akiwa kazini, akaiwasha tena: shwari, kama paka aliyeshiba. Asubuhi ya pili, Kimya barabarani, mume kitandani, ikanguruma tena na kujizima. Ya tatu vile vile.

Asubuhi ya nne walikuwa wanashuka mlima. Kimya akasema, "Dada, kuna kitu nataka kukuuliza."

"Uliza."

"Siku ile ya mama..."

Kioo kikaganda. Sauti ikakatika.

Akampigia simu hapo hapo. "Ulikuwa unauliza nini?"

"Si kitu."

"Kimya, niulize basi."

"Si kitu, dada. Kama hiyo kadi inakusumbua, irudishe. Usijitese. Umekula?"

Hapo mjukuu wangu alisimamisha kikata kucha, akaniangalia. "Bibi, nilitamani niitupe dirishani." Alijua akiirudisha, gemu halifunguki, na lile swali litazeeka tumboni mwa mdogo wake. Akibaki nayo, atabaki na kitu kinachomkata kauli mtu ambaye kusema kwenyewe ni kazi.

Asubuhi ya tano mume alirudi mkono umefungwa bandeji ya hospitali. Ameungua na trei.

"Imekuwaje?"

"Nilisinzia kidogo tu mbele ya tanuri. Wewe hujawahi kusinzia?"

"Mbona unalala saa tano nzima?"

"Nalala, mke wangu, nalala. Nipe chai."

Siku ya saba ilikuwa siku yake ya mapumziko. Hakucheza. Mume alipokuwa bado kitandani aliifunga kompyuta nzima kwenye shuka, akaibeba kichwani mpaka kwa Miwani. Akamwambia, "Nimekuletea mgonjwa wako."

Miwani akafungua ubavu wa kasha, akaingiza tochi, akainama mpaka miwani ikateleza puani. Akachukua kibanio kidogo, akavuta kitu kwenye feni. Akavuta, akavuta, kikawa hakiishi.

"Dada, una paka?"

"Sina."

"Una bibi kizee anayefuma nguo humu ndani?"

Kilikuwa uzi mweupe, umejizungusha kwenye feni, na kwenye uzi kumeganda unga. Akaupangusa kwa kidole, akaunusa. "Huu ni wa ngano. Nyinyi mnapikia humu?"

Mjukuu wangu aliupokea mkononi. Uzi ule alikuwa anaujua. Ni wangu. Siku ya arusi yao niliwafumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, miezi minne ya jioni zangu, na kinakaa juu ya redio kabatini. Na mtu mwenye unga hata baada ya kuoga, nyumbani kwake yuko mmoja.

"Kadi haina kosa," Miwani akasema. "Kuna mtu anaifunika. Ikifunikwa inapata joto, feni zinakimbia zijipoze, hazipati hewa, inajizima isife. Hata wewe ukivalishwa blanketi ukaambiwa ukimbie utafanya hivyo hivyo. Sasa niambie, tunabadilisha au hatubadilishi? Mimi saa kumi na moja nafunga."

Ilikuwa saa nane na nusu. Akakaa kwenye benchi la wateja. Unafikiri alifurahi? Kadi nzima, mhalifu kapatikana. Lakini yeye alikuwa anauona ule mkono uliofungwa. Siku sita mwanaume amelala mbele ya taa za disko na mngurumo, halafu anakwenda kusimama mbele ya moto, na hajasema neno. Akaona kama amenunua sauti ya mdogo wake kwa usingizi wa mumewe, na hakuna aliyemwambia bei.

Akaiacha kompyuta pale, akarudi nyumbani.

Mume alikuwa anapiga pasi aproni ya kazi. Kitambaa changu kilikuwa juu ya redio, kimekunjwa vizuri, tundu limegeuziwa ukutani. Mjukuu wangu akakichukua, akalitoa tundu, akapitisha kidole.

"Kadi tumeikuta na kilemba," akasema.

Mume akaweka pasi chini. "Bibi atanichinja."

"Bibi mwachie bibi. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini? Zile taa zinapita mpaka ndani ya kope. Nikaona nizifunike kidogo. Ikazidi kelele, nikasema labda kitambaa chepesi, nikaongeza na mto."

"Na mto!"

"Mto siku mbili tu."

"Umeungua mkono, baba wewe! Ungeniambia zima, ningezima."

"Ndiyo maana sikusema," akajibu. "Ungezima yote. Mimi namsikia shemeji nikiwa huku nyuma. Sisikii anachosema, nakusikia wewe unavyomjibu. Miezi miwili hukuwa na sauti ile. Nikasema, jicho litazoea."

Mjukuu wangu alikaa kitandani. Aliniambia kwamba alitaka kumkumbatia na kumpiga, akashindwa kuchagua, akafanya jambo la tatu: akatoa risiti ya Miwani mkobani, akaigeuza nyuma, akashika kalamu.

"Nina wanaume wawili mabubu," akasema. "Mmoja yuko mbali, siwezi kumlazimisha. Wewe uko hapa. Kadi inabaki kwa sharti moja, utaje kwa mdomo wako kila kinachokunyima usingizi. Usiponitajia, naenda kuirudisha sasa hivi, na habari ya Kimya tutajua la kufanya."

"Mke wangu, acha mambo ya polisi."

"Taja."

"Taa."

"Taa. Nyingine?"

"Feni."

"Nyingine?"

Mume akajikuna shingo. "Kiti chako. Mguu mmoja unalia, kiii, kila ukikata kona."

"Kumbe! Nyingine?"

"Kuna siku unapiga honi kwa mdomo."

"Sipigi!"

"Unapiga. Pipiii. Niliota nimegongwa."

Ndipo akaniacha na mguu hewani mara ya kwanza.

"Na sauti yangu?" akamuuliza mwisho. "Mazungumzo?"

"Hayo usiyaandike," mume akasema. "Hayo ndiyo yananilaza."

Saa kumi na nusu alikuwa dukani na karatasi yake. Miwani akaisoma, akasema taa ni waya mmoja tu, akauchomoa. "Feni nitazituliza, lakini na kadi nayo lazima uipunguzie kazi. Itachora picha chache. Majani hayatacheza na upepo, mvua haitang'aa. Ni kama umenunua farasi unamfuga kama mbuzi. Una uhakika? Ile ya zamani bado iko hapa kwenye kabati."

Mjukuu wangu aliyafikiria yale matone ya siku ya kwanza, kila tone na mwanga wake. Aliyapenda kweli, hakunificha. Akasema, "Punguza."

Saa kumi na moja Miwani akashusha mlango wa chuma, akampungia mkono. Kadi ikawa ya kwake.

Asubuhi iliyofuata, kabla mume hajarudi, alikuwa ameshalihamisha kasha mbele ya pazia, chini ya meza, ubavu wazi, hakuna kitu juu yake. Kiti amekifunga soksi mguu unaolia. Mume akarudi, akaoga, akapita akaligusa kasha kwa kidole kimoja kama anayepima mkate, akaingia nyuma ya pazia.

"Dada," Kimya akasema hedifoni, "mbona lori lako linaonekana la bei rahisi leo?"

"Mbele yako huko angalia. Usiniangalie mimi."

Hapo akaniacha na mguu hewani mara ya pili. Wakaendesha. Nusu saa ikapita, kimya kompyuta, kimya pazia. Saa nzima. Wakafika kwenye ule mlima, wakaanza kushuka, na mjukuu wangu hakuuliza kitu. Alibana midomo, akashika usukani wake. Alisema hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote za wiki ile.

"Dada."

"Naam."

"Siku ile ya mama, aliniulizia?"

Akamwambia. Alimweleza mama yake alivyolala, nani alikuwa chumbani, na kwamba siku mbili kabla aliuliza kama Kimya anavaa soksi huko baridini. Akamweleza na kaburi lilipo, upande gani wa njia, na kwamba pameachwa nafasi ya mtu kukaa. Kimya alisikiliza mpaka mlima ukaisha. Kisha akasema, "Soksi navaa." Kisha akasema mengine, na hayo mjukuu wangu hakunisimulia, nami sikumdai. Alikuwa amefika kidole cha mwisho, anakata polepole kuliko kawaida.

Kimya akapaki lori lake pembeni ya barabara, akasema apumzishe macho kidogo kisha waendelee. Hakuendelea. Hedifoni ikaanza kuleta mkoromo. Nyuma ya pazia mume alikuwa anakoroma zamani, mkono uliofungwa ukining'inia nje ya shuka. Mjukuu wangu akaliweka lori lake nyuma ya lori la mdogo wake, akaacha taa za nyuma zikiwaka ili mtu asimgonge. Akachukua kitambaa changu chenye tundu, akakikunja mara nne, akakiweka mezani. Akalaza shavu juu yake ili amlinde Kimya mpaka aamke, naye akalala.