Hodi ya Hamoudi

Gari la Hamoudi lilikuwa na mdomo. Landrova ya dizeli ikizimwa haifi kama mshumaa. Hutikisika kwanza, hurusharusha miguu kama kuku aliyechinjwa, ndipo itulie. Katika mtikisiko huo bomba la moshi, lililolegea chini, hugonga chasisi: ngo, ngo, ngo. Mara tatu, kama mgeni mwenye adabu zake. Na ndani ya nyumba mkewe, Salme, huitikia, "Karibu." Hakuwahi kuuliza nani.

Fundi Msabaha wa Dunda ndiye aliyeliacha bomba lilegee, kwa kuombwa na mwenye gari.

"Nati hiyo usiikaze," Hamoudi alimwambia akicheka. "Mke wangu akisikia mlio huinjika chai. Ukiikaza nitakunywa maji."

Yakaja masika. Hamoudi alikwenda Saadani kununua samaki wakavu, homa ikamshika, akafa, akazikwa hukohuko, kwani njia ya Mkange ilikuwa imegeuka tope tupu. Maji yalipokauka, nduguye Himid alikwenda kulichukua gari. Akalifikisha mlangoni kwa marehemu, akalizima.

Ngo, ngo, ngo.

"Karibu," ikasema sauti ya Salme.

Siku hiyo mjane akavua nguo nyeupe za eda, akajifukiza udi, akajitanda kanga nyekundu. Mkwewe, Bi Shaikha, alipomkanya, alimjibu kwa upole uliotisha kuliko matusi.

"Mama, mtu haketi eda ya mume anayebisha hodi."

Himid akajaribu kuliegesha gari mtaa wa pili. Kumbe ndiyo kaharibu. Salme alitoka barabarani kichwa wazi, akiuliza wapita njia kama wamemwona mumewe. Basi likakatwa shauri kwamba gari lirudi palepale mlangoni, na palepale mlangoni linyamazishwe, naye alisikie likinyamaza.

Msabaha alikuja baada ya alasiri, mkoba wa spana begani, uso umekunjamana.

"Shikamoo, Bi Shaikha."

"Marahaba, baba. Likaze. Mwanangu yuko kaburini hajaliliwa na mkewe. Likaze, aliliwe."

Msabaha akashusha mkoba. Kule Saadani hakuwahi kutia hata konzi ya mchanga kaburini kwa rafiki yake. Leo ndiyo aliitwa kumzika, kwa spana. Akatandika gunia, akajisukuma chini ya gari.

Himid alichutama kando ya gurudumu. "Fanya hima, fundi. Kelele zake kama ngoma ya harusi ya masikini."

"Gari la nduguyo lina adabu kukushinda," Msabaha akamjibu kutoka chini. "Lenyewe hubisha hodi. Wewe huingia majumbani mwa watu na viatu."

Himid akaangua kicheko, kisha akaukumbuka msiba, akakimeza.

Kibano cha zamani kilikuwa kimeliwa na kutu. Msabaha akakibandua, akaweka kipya, akapachika kipande cha mpira wa tairi baina ya bomba na chasisi. Akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Akalitikisa bomba kwa mikono miwili. Halikucheza.

"Washa."

Injini ikanguruma, moshi mweusi ukafuka.

"Zima."

Gari likatikisika, likajirusharusha, likatulia. Kimya. Hata kunguru wa ukutani walinyamaza.

Nyayo zikaja mpaka nyuma ya mlango, zikasita.

"Nani?" akauliza Salme.

Himid alimtazama mama yake. Bi Shaikha akampungia mkono: mjibu.

"Ni mimi, shemeji. Himid. Hakuna mwingine."

Kilio kilichotoka ndani kilikuwa kirefu, cha kumwita mtu kwa jina lake. Bi Shaikha akaingia mbio, machozi yanamtiririka, ulimi unamshukuru Mungu.

Msabaha alikuwa bado amelala chini, kiganja juu ya bomba. Lilikuwa vuguvugu. Injini imezimwa, ufunguo uko mkononi mwa Himid, na bomba likamsukuma kiganja. Polepole, kama kidole nyuma ya pazia. Likamsukuma tena. Likamsukuma mara ya tatu.

Chuma kikipoa hujikunyata, alijiambia. Hilo kila fundi analijua. Lakini chuma hakijui kuhesabu.

Ulimi ukamnyanyuka wenyewe kuitikia, kama unavyonyanyuka wa kila aliyelelewa pwani akibishiwa hodi. Akauuma mpaka akaonja damu.

"Fundi, umelala huko?" Himid akauliza.

Himid naye hakumjibu. Mgeni akibisha mara tatu asiitikiwe, sharti arudi alikotoka. Msabaha akabaki pale juu ya gunia, kinywa kimefumbwa, anasikiliza kama kuna mtu anayeondoka.