Sindano ya Asubuhi

Sindano ilikuwa imeshajazwa dawa, na kinyozi alikuwa ameibana ngozi ya tumbo la mkewe kwa vidole viwili, akisubiri mke ashushe pumzi. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Hakugusa shingo ya mtu kwa wembe kabla mwenyewe hajapumua, kwa maana anayezuia pumzi hakawii kushtuka. Wateja walimwita Taratibu, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kuchoka kusubiri. Daktari alipowafundisha kuchoma sindano za kukuza mayai, yeye ndiye aliyeishika kazi hiyo, akatania kwamba sasa amepanda cheo.

Hiyo ilikuwa kabla ya mimba ile moja iliyoshika, kisha ikatoka. Tangu hapo walijaribu tena na tena. Leo walikuwa wanaanza awamu nyingine ya matibabu, na tumbo la mkewe bado lilikuwa na alama za awamu iliyopita.

Pumzi haikushuka.

Mkewe alikuwa anatazama ukuta, ameuma meno. Kinyozi akaona jambo ambalo kwa mteja yeyote angeliona siku ya kwanza: huyu mtu hataki. Akaona haya. Muda wote huo alikuwa akiuita ukimya wa mkewe ujasiri.

"Mbona huchomi?" mkewe akauliza.

"Hujapumua."

"Choma hivyo hivyo."

Akairudisha sindano mezani. Mkewe akamwambia aache mchezo, dawa ina saa yake. Akamkumbusha maneno aliyokuwa akiyasema kinyozi mwenyewe kila waliporudi kutoka kliniki mikono mitupu, kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Tumeyaoga," kinyozi akasema. "Mpaka ngozi imekunjamana."

Mkewe akacheka, na kicheko hakikufika mbali kabla ya kugeuka kilio. Ndipo alipoyatoa yaliyomjaa moyoni. Alitaka kuacha tangu siku ile mimba ilipotoka, ila kila alipomwona mumewe akivipanga vichupa vya dawa kwenye friji kwa uangalifu ule, aliogopa kumvunja moyo. Naye kinyozi alivipanga hivyo kwa kudhani hilo ndilo jambo pekee linalomwamsha mkewe asubuhi. Hawakuwahi kuulizana.

"Mtoto unamtaka?" mkewe akauliza.

"Namtaka. Sana." Hakuweza kumdanganya. "Lakini siwezi kukuchoma tena."

"Basi tuache."

Wakakaa kitandani bega kwa bega, wakalia kama watu waliofiwa, mpaka saa ya dawa ikapita. Kisha mkewe akaenda kunawa uso, naye akavaa viatu.

Alichelewa kufungua duka. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamume aliyempakata bintiye mdogo, akaomba mtoto apunguzwe nywele kwa sababu ya joto. Mtoto alisinzia kabla mashine haijafika utosini. Kichwa chake kikaegemea chote kwenye kiganja cha kinyozi, kizito, kina joto, na kinyozi akanyoa kwa mkono mmoja. Alipomaliza alipangusa vinywele masikioni, akapangusa shingoni, akarudi tena masikioni.

"Fundi, bado?" baba wa mtoto akauliza.

"Bado kidogo," akasema. Mashine alikuwa ameshaizima.