Kondoo wa Mahari

Mvua za mwaka huo zilinyesha bila adabu. Ziwa Nakivale lilipanda hadi kwenye mahindi ya watu, na mbu, ambao kwa kawaida hungoja giza, walikuwa wakiuma adhuhuri. Pélagie hakuyajali sana hayo. Macho yake yalikuwa kwa kondoo wake, kwa kuwa karibu wote walikuwa na mimba kubwa, matumbo yananing'inia, na alijua kwamba wakizaa salama, zizi litajaa kama lile alilokuwa nalo milimani juu ya Uvira kabla ya vita kumtoa huko.

Kondoo wa kwanza alitupa mimba asubuhi ya Jumapili, majirani wakiwa njiani kwenda kanisani. Pélagie alimkuta amesimama pembeni, kichwa chini, na miguuni pake kitoto kilichokwisha umbika vizuri, manyoya yamelowa, hakipumui. Alikikunja ndani ya gunia, akakizika nyuma ya choo, akanawa mikono, akaenda kusali. Mwanamke aliyewahi kufuga anajua kwamba kondoo mmoja kuharibu mimba si msiba. Lakini aliporudi alikuta wawili wengine wamefanya vivyo hivyo, na kabla ya wiki kwisha zizi zima lilikuwa likinuka damu.

Jirani yake Damascène alisema ni jicho la mtu. Pélagie hakubishana naye. Alimtuma mwanawe Bienfait Base Camp, kwenye ofisi za kambi ya wakimbizi, akamlete Nehemiya, daktari wa mifugo, Mnyankole, mwenyeji wa Uganda, mwenye pikipiki ya zamani na maneno machache. Nehemiya alivaa glavu na kitambaa cha mdomo, akatoa damu kwa kondoo watatu. Alisema damu hiyo itakwenda kupimwa, ila yeye mwenyewe hakuwa na shaka: ni homa ya Bonde la Ufa, inaletwa na mbu wa mvua kama hizi. Akauliza nani alikuwa akizika vitoto vile. Pélagie akasema ni yeye.

"Na hii mikono yako?" Nehemiya aliuliza.

"Na hii mikono yangu."

Daktari alivua glavu zake. "Mama, sikia. Hii ugonjwa inaingia mpaka kwa watu. Hapana shika tena. Hapana chinja, hapana kula nyama yao, hapana kunywa maziwa bila kuchemsha. Ukisikia homa, usikae nyumbani." Kisha, akiwa tayari amekanyaga pikipiki, aliuliza swali la mwisho. "Kuna mnyama ametoka hapa, amekwenda pahali pengine?"

"Hakuna," alisema Pélagie.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiri. Pikipiki ilipopotelea njiani, alibaki amesimama palepale, na tangu saa hiyo hakutulia tena.

Kwa maana walikuwako. Wiki chache nyuma, kabla serikali haijafunga barabara kwa wanyama, kondoo wawili, wazuri kuliko wote, wenye mimba, walipakiwa kwenye gari dogo wakapelekwa Kakiika, upande wa Mbarara. Walikuwa mahari. Bienfait alikuwa anamwoa Élyse, binti wa Warundi wawili, Ladislas na Marcienne, waliotoka kambini miaka kadhaa iliyopita wakaenda kutunza shamba la ng'ombe la mzee mmoja wa huko. Pélagie alikuwa mjane, Mkongomani, na wa kanisa jingine. Hakukosa watu wa kunong'ona kwamba kijana wake angepata wapi cha kuwapa Warundi. Ndiyo maana aliwatoa wale wawili. Siku ile wazee wa upande wa msichana walipopapasa matumbo ya kondoo wale na kucheka kwa furaha, alijiona mtu.

Sasa alifagia uwanja, akaufagia tena. Alibandika maharage yakaungua. Alijigusa paji la uso kupima kama lina joto, na kila alipoligusa aliwaza mikono ya watu wa Kakiika. Kesho yake jioni alimpigia Marcienne simu.

Waliulizana habari za nyumba, za mvua, za padri atakayefungisha ndoa. Pélagie akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kondoo wanaendeleaje. Marcienne akasema wanaendelea vizuri, wanakula tu. Naye akauliza wa Nakivale wamekwisha zaa? Pélagie akajibu kwamba bado kidogo, Mungu akipenda. Wakaagana kwa baraka nyingi.

Usingizi haukuja. Asubuhi alimwita Bienfait akamwambia anakwenda Kakiika kusema ukweli. Kijana alikuwa akifunga mnyororo wa baiskeli, aliuachia ukaanguka.

"Mama, wacha kwanza. Bao banasema bakondoo ni bazima. Ukienda kusema, batasema tuliwapelekea kifo kwa mahari. Nani atanipa mtoto wake tena?"

"Na kama banashika vitoto na mikono, kama mimi?"

"Labda hakuna kitu."

"Labda," alisema Pélagie, na akaenda kuoga.

Njia ya kwenda Mbarara ilikuwa matope matupu hadi Kabingo. Mwenye pikipiki alijaribu kumpigisha soga akachoka. Kwenye kizuizi, askari waliuliza kama amebeba nyama au ngozi. Alisema hana, na safari hii ilikuwa kweli. Mjini hakusimama hata kununua mkate wa kupeleka ukweni, jambo ambalo siku nyingine lingemwaibisha. Alichukua pikipiki nyingine moja kwa moja.

Marcienne alikuwa mlangoni akichambua mchele. Alipomwona mkwe wake anaingia bila taarifa, na mikono mitupu, alisimama upesi mno, na punje zikamwagika. Alimkaribisha, ndiyo, alimkumbatia kwa mikono miwili kama desturi yao, lakini alimketisha nje, chini ya paa la jiko, wala si ndani. Chai ililetwa. Pélagie akauliza Baba Élyse yuko wapi. Yuko ndani, ana malaria kidogo. Na kondoo? Wamepelekwa mbali kula majani, watarudi jioni.

Pélagie hakuigusa chai. Zizi dogo la kondoo lilikuwa mbele yake, mlango wazi, na samadi yake ilikuwa imekauka juu. Nyuma ya migomba aliona udongo mpya umefukiwa, umewekewa miiba ili mbwa wasifukue. Alikuwa na udongo kama huo nyuma ya choo chake. Mtu wa ndani alikohoa, akagumia, akaomba maji kwa Kirundi.

"Mama Élyse," alisema, "jana nilikudanganya. Bakondoo bangu banatupa mimba, karibu bote. Daktari alikuya, akaona ni ugonjwa ya mbu, inashika na batu. Akaniuliza kama kuna wanyama balitoka kwangu, nikakataa. Niliogopa mahari. Njo maana nimekuya kukuambia mwenyewe."

Marcienne alikuwa amesimama na birika. Aliliweka chini polepole, akaketi juu ya kinu kilicholala, akajifunika uso kwa kitenge. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ndogo. Kondoo wote wawili walitupa mimba. Mmoja alikufa siku ileile, damu inamtoka puani. Ladislas aliona uchungu kuitupa nyama yote ile. Alimchuna, na nyama wakala. Wa pili alipokufa wakamzika. Hawakumwambia mtu, hata Élyse, aliyekuwa akijifunza kushona kwa fundi mmoja huko Ruti.

"Tuliona aibu," alisema Marcienne. "Mmetupa mahari, ikatufia mikononi. Tulisema, wakijua, watasema sisi si watu wa kupewa kitu. Na mwenye shamba akisikia kuna ugonjwa karibu na ng'ombe zake, atatufukuza. Tutaenda wapi?"

 Pélagie aliinuka, akaingia ndani bila kukaribishwa. Ladislas, mtu mrefu aliyekuwa akicheka kwa sauti siku ya mahari, alikuwa amejikunja juu ya mkeka kama mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimsalimia kwa adabu, akamwita kwa jina la dada yake. Hakumtambua. Ufizi wake ulikuwa na damu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, na Pélagie aliona afadhali kidogo, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umetafuta kazi tangu juzi. Alitafuta pikipiki mbili. Ladislas walimkalisha katikati ya dereva na mkewe, wamemfunga kwa kitenge asianguke, na Pélagie akafuata nyuma kwa ya pili, akiwaangalia njia nzima. Hospitalini aliwaambia wauguzi mwenyewe, kabla hawajauliza: ni mchunga ng'ombe, amechuna kondoo aliyekufa, kambini kuna homa ya Bonde la Ufa. Wauguzi walivaa glavu mara moja. Mgonjwa akapelekwa chumba cha peke yake.

Kisha alitoka uani akampigia Nehemiya. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ungesema siku ile," alisema.

"Najua."

"Ningepigia watu wa Kakiika siku ile ile."

"Najua, Daktari."

Hakumgombeza zaidi, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Jioni hiyohiyo watu wa mifugo walifika shambani. Mwenye shamba, mzee mwenye kofia ya ngozi, alikuja hospitalini akiwa amewaka, akasema mbele ya watu wote maneno ambayo Marcienne aliyapokea ameinamisha kichwa. Pélagie alisimama kati yao. Alimwambia mzee kwamba kondoo walikuwa wake yeye, kama ana hasira amgeukie yeye. Mzee alimtazama mwanamke huyu aliyejaa matope hadi magotini, akanung'unika, akaondoka. Hakuwafukuza.

Élyse alifika kutoka Ruti na nyuzi zimemganda kwenye sketi. Alipoelezwa yote, hakulia. Aliwauliza kina mama wawili swali moja tu: je, waliwahi kuzungumza kwenye simu siku hizo? Walipokubali kwamba ndiyo, aliwatazama kwa zamu, akaenda kumtafuta daktari.

Madaktari walisema hakuna dawa ya kuua ugonjwa wenyewe. Ni maji ya mshipani na subira. Pélagie hakuwa na subira. Alitembea ukumbini, akawachotea maji wagonjwa asiowajua, akafua nguo za Marcienne, akapimwa damu yeye mwenyewe. Majibu yalionyesha ugonjwa ulimpitia, akapona, asijue; labda yale maumivu ya viungo aliyodhani ni ya jembe. Ladislas alikaa kati ya uhai na kifo siku nyingi. Homa ilipomwachia alikuwa amekonda shingo, na jicho la kushoto lilikuwa na ukungu usiotoka.

Siku aliyoweza kukaa, alimwomba Pélagie asogee upande wa jicho zima.

"Mama Bienfait, nimesikia kaka zangu wanasema mahari ilipwe tena."

"Nitalipa. Banipatie muda tu."

"Usilipe. Ulileta kondoo wazima, tukawapokea. Aliyepokea amepokea. Mimi ndiye baba wa msichana, na nimekwisha kusema." Akapumzika kidogo. "Lakini jambo moja sijalisamehe bado, kwako na kwa mke wangu. Mlipigiana simu, mkafichana."

 Baadaye, mlangoni mwa hospitali, Pélagie alimwuliza Nehemiya, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, kama zile siku alizonyamaza ndizo zilizochukua jicho la mtu yule. Nehemiya alisema hajui. Mbu wa mvua wako kila mahali, alisema, na huenda kondoo wale waliupata Kakiika hukohuko. Hakuna atakayeweza kujua.

Ndoa ilifungwa mvua zilipokata, kwenye kanisa la Warundi, na Ladislas akampeleka binti yake mbele, binti amemshika mkono upande wa kushoto, asikoona vizuri. Karantini ya mifugo ilikuwa bado haijaondolewa, kwa hiyo walikula maharage na samaki wa ziwa, hakuna aliyelalamika. Wanawake walimwita Pélagie mara tatu akae mezani na wakwe. Kila mara aliketi, akachukua tonge, akanyanyuka tena. Mara ya mwisho Marcienne alimfuata nje, akamkuta anatembea kando ya ukuta. Hakumwambia arudi. Alimshika mkono wakatembea wote wawili, kwenda na kurudi, mpaka ngoma zikaanza ndani.