Kikombe cha Chini ya Sinki

Alhamisi mchana watumishi wa majumbani hupewa mapumziko, na New Brighton, mtaa wa watu weusi huko Afrika Kusini, hujaa akina mama wenye blauzi nyekundu za kanisa. Polisi walishazoea. Ndiyo maana Mzoxolo aliichagua Alhamisi, akatangaza kwamba ni maombi. Maombi yenyewe yalikuwa mchezo wa kuigiza wa mtu mmoja, na serikali ya makaburu haikuwa na masihara na michezo ya namna hiyo.

Mama yake, Nosakhele, alikaa benchi la mbele ukumbini, roho juu. Alikuja kumzuia. Kabla ya mchezo alimwambia, "We mtoto, hadithi za jikoni nilikupa tucheke wawili. Umekwenda kuzianika! Wakikukamata, nitamtoa wapi mwingine?"

"Mama, tulia basi. Mchezo tu."

Mchezo! Mchezo gani wa kumpeleka mtu jela?

Lakini Mzoxolo alipojifunga kitambaa kichwani akawa Bi Terblanche kabisa, bosi wa kizungu wa mama yake, kwa mwendo hadi kidevu, Nosakhele akasahau kilichomleta. Kijana akaigiza anafunga milango mitatu, kisha anapapasa bastola chini ya mto. "Nosa ni mwema," akanong'ona, "ila hao wenzake..." Kisha akainama, akatoa chini ya sinki kikombe cha bati cha mtumishi, kisichochanganywa na vya wazungu, akakishika kwa ncha za vidole.

"Huyo bosi wangu!" mama mmoja akapiga kelele.

"Si wako! Wangu huyo!"

Wakacheka hadi machozi. Nosakhele naye alicheka, kisha akakitazama kikombe. Kikombe kile kilikuwa chake hasa. Alikinywea miaka kumi na tisa, na uchungu wake hakuwahi kumwambia mtu.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia polisi wa kizungu, kijana mwekundu kwa jua, na askari wawili weusi. Papo hapo akina mama wakaanzisha wimbo wa kanisa, kama kawaida yao. Polisi hakudanganyika. Alipita katikati ya mabenchi mkono juu ya bastola. Vumbi likampalia.

"Maji," akasema.

Kikombe kilikuwa kimoja tu. Nosakhele alikijaza maji ya ndoo iliyokuwa pembeni, akampelekea kwa mikono miwili. "Kunywa, bwana mdogo."

Wimbo ukakatika. Polisi akakitazama kikombe, akazitazama zile nyuso zote. Hakukigusa.

"Mchukueni yule," akasema kwa sauti kavu.

"Nisamehe, mama," Mzoxolo alisema akipitishwa akiwa na pingu, kitambaa bado kichwani. Nosakhele alitaka kumkumbatia, alitaka kumzaba kofi. Alibaki ameshika kikombe. Gari likaondoka naye, na watu wakaanza kuinuka.

"Kaeni," akasema. "Haijaisha."

Akapanda jukwaani na kikombe chake. Yeye alimjua Bi Terblanche kuliko mwanawe alivyomjua, na kesho saa kumi na mbili asubuhi alitakiwa kumpelekea chai kitandani. Akainua kidevu kama bosi wake, akafunga mlango wa kwanza.