Kijiti Siku ya Kuosha Karoti

Kosa la Loveness lilikuwa siku tu. Angesubiri gulio la Lukozi lipite, angekuwa salama. Yeye kaenda zahanati asubuhi ya siku moja kabla, na siku hiyo, we, nyumba nzima inashuka mtoni kuosha karoti.

Nesi Mwamvita alimwambia wazi: "Haya mdogo wangu, kijiti cha uzazi wa mpango kishaingia. Bandeji usiiloweshe siku tatu." Loveness ana miaka kumi na nane, yuko kidato cha nne, akaitikia kama darasani. Karoti hata hazikumjia akilini.

Sasa yuko mtoni, maji baridi balaa, sweta kalivuta mpaka vidoleni. Mkono wa kushoto, kilipoingia kijiti, unapwita. Baba yake, Zabron, mzee wa kanisa, yuko hapo juu anashona magunia. Dada yake Devotha alipopata mimba kidato cha pili, baba alimfukuza siku hiyo hiyo, na ndala tu miguuni. Sasa huyu wa kijiti?

"We Loveness, unaosha karoti au unazibembeleza?" mama yake akamdaka. "Kunja sweta!"

"Nasikia baridi, mama."

"Baridi umeanza kuisikia leo?" Mama akamshika, akavuta sweta mwenyewe mpaka begani. Bandeji hiyo, nyeupe pee. Akapapasa kwa kidole gumba, akakutana na kijiti. Loveness akaona milima yote inazunguka.

Mama akashusha sweta taratibu.

"Toka majini. Kaa pale uchague zilizovunjika."

"Ana nini huyo?" Baba huyo anateremka, sindano ya magunia mkononi.

"Jipu," mama akajibu.

"Wapi? Hebu nione."

Loveness akabana mkono.

"Kwapani, baba Devotha. Unataka kuchungulia kwapa la binti yako mkubwa hivi?"

Baba akasimama. Akakohoa, akageuka, akarudi kwenye magunia bila kuangalia nyuma.

Mama akainama. Karoti ikamponyoka, ikaenda na maji, hata hakuifuata.

"Kinakaa muda gani?" akauliza, sauti ya chini kabisa.

"Miaka mitatu, mama."

"Mitatu!" Akatupa jicho kule juu. "Jipu litapona wiki ijayo. Baada ya hapo, mwanangu, sijui nitamwambia nini."