Watoto wa Siku ya Ukaguzi

Wadau wa viwanda vya nguo tulikuwa arobaini na wawili katika ukumbi wa hoteli pale Gulshan, jijini Dhaka, na hadi saa nne asubuhi hakuna aliyesema jambo ambalo mama mwenye mtoto angeweza kulitumia. Walisema "mnyororo wa ugavi". Walisema "ajira yenye staha". Bwana mmoja wa chama cha wenye viwanda alionyesha mchoro wa miduara kumi na miwili inayoshikana, akausifu mwenyewe, akaketi. Akapigiwa makofi. Kwa miduara!

Mimi ni ofisa ustawi wa kiwanda cha mashati huko Ashulia. Nina stashahada na watoto wawili. Meneja wetu, Zillur, alinileta pamoja na Shahinur, mshonaji, ili awe "sauti ya mfanyakazi". Sauti yenyewe Zillur alikuwa ameifundisha siku tatu, kama tufanyavyo kabla ya kila ukaguzi: ukiulizwa hivi, jibu hivi.

Shahinur alikuwa na lake. Binti yake, Tumpa, alikuwa na miezi minne. Bibi yake alishafika kutoka Kurigram, na Ijumaa angemchukua akalelewe kijijini, kwa kuwa chumba cha watoto cha kiwanda kilikuwa kinafunguliwa siku za ukaguzi tu. Siku hizo tuliazima watoto mtaani, tukawapanga kwenye mkeka. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Hata wangu niliwapeleka mara nne, na sijivunii.

Bi Annelies, mnunuzi wa mashati kutoka Uholanzi, alimuuliza kupitia mkalimani: "Mtoto wako anashinda wapi ukiwa kazini?"

Zillur alimwitikia kwa kichwa kumtia moyo, bwege yule.

"Chumba cha watoto, kiwandani," Shahinur akajibu kama alivyofundishwa. "Kila siku, saa mbili hadi saa kumi na moja." Kisha akaongeza ambalo hakufundishwa: "Hata kesho atakuwepo, na wa wenzangu. Karibu uwaone, mama."

"Nitakuja!" alisema Bi Annelies. Makofi tena.

Zillur alinifuata kwenye biriani. "Dada Rehnuma, kesho nataka watoto kumi, wasafi. Yule mwanamke kaniponza."

"Umejiponza mwenyewe, bosi. Ulimfundisha vizuri mno."

"Usinichezee. Kawaazime!"

"Siazimi tena. Washonaji wana wao. Nitawaambia wawalete."

Akakubali. Mtu yule hajawahi kuona mbali kuliko kesho.

Asubuhi waliletwa kumi na tisa, Tumpa mmojawapo. Saa tatu Bi Annelies alituma ujumbe: amebanwa, atakuja safari nyingine. Sikushangaa. Watu wale kukutana wanakupenda. Kufika ndiko kunakowashinda.

Zillur akaja mbio. "Mgeni haji! Warudishe makwao, funga chumba."

"Warudishe wewe."

"Nini?"

"Mama zao wako kwenye mashine. Panda juu, simamisha kazi, waambie wote kumi na tisa wabebe watoto waende nyumbani. Mzigo wa Bi Annelies unaondoka Jumapili. Ukimaliza, mpigie mwenye kiwanda umweleze."

"Unanitisha, dada?"

"Nakupangia kazi, bosi. Kupanga kumekushinda."

Alitazama mkeka. Mtoto mmoja alikuwa ameshamshika suruali kwa mikono yenye uji.

"Leo tu," akasema, akijipangusa.

"Na kesho useme hivyo hivyo, maana watakuja."

Walikuja. Nikamtoa mfagiaji mmoja kwenye ufagio, nikamweka alee. Ijumaa bibi alirudi Kurigram peke yake, akinung'unika kwamba amesumbuliwa bure.

Tamko la wadau lilitoka baada ya mwezi, kurasa thelathini, picha ya Shahinur kwenye jalada. Nilimpelekea alipokuwa ananyonyesha. Alifunua kurasa mbili tatu, akanirudishia.

"Karatasi ngumu hii," alisema. "Hata kumfutia mtoto haifai."