Chumba cha Vanishi

Kathuri alikuwa hajamaliza kupulizia vanishi mlango wa pili wa kabati alipolazimika kuzima kompresa, kutoka mbio na kutapika nyuma ya rundo la mbao. Chai na chapati ya asubuhi vilitoka vikinuka thina, ile dawa ya kuyeyushia vanishi. Alisukutua kinywa kwa maji ya mfereji, akainama akiwa ameshika magoti mpaka kizunguzungu kikapungua, kisha akarudi ndani. Hakuna aliyemuuliza kitu. Katika karakana ya fanicha ya Kaburu, mtu kwenda nje kutapika lilikuwa jambo la kawaida kama kwenda haja.

Chumba cha vanishi kilikuwa nyuma kabisa. Dirisha lake la pekee Kaburu alikuwa ameliziba kwa plaiwudi na misumari, kwa sababu vumbi la barabara ya kuelekea Kinoru liliingia na kunata kwenye vanishi mbichi. Mteja akipitisha kidole juu ya kabati anataka kuhisi kioo, si changarawe. Kwa hiyo vumbi lilizuiwa kuingia, na mvuke wa thina ukazuiwa kutoka. Wapulizaji wanne walishinda humo wakiwa wamejifunga leso puani. Barakoa za maana zilikuwepo, lakini zilikaa stoo na zilitolewa siku ambazo wageni wa kaunti walikuja, kisha zikafutwa na kurudishwa. Kila siku saa nne kila mpulizaji alipewa pakiti ya maziwa.

"Maziwa inasafisha kifua," Kaburu alipenda kusema. Alikuwa mzee wa kanisa na alisema kwa upole, hivyo watu walimwamini. Au pengine walikunywa tu kwa sababu yalikuwa maziwa.

Siku hiyo Kiende alifika kabla ya maziwa. Alikuwa binti wa Meru aliyekuwa akisomea afya ya jamii chuoni, na utafiti wake ulihusu watu wanaovuta mvuke wa rangi na vanishi kazini. Mwezi uliotangulia alikuja na mashine ndogo ya kupima pumzi. Kaburu alimkubalia upesi. Wakati huo alikuwa akitafuta kazi ya kutengeneza madawati ya shule za kaunti, na alidhani utafiti ni kitu cha kutundika ukutani, kama leseni.

Siku hiyo ya kwanza Kiende aliwapima mmoja mmoja. "Vuta hewa mpaka mwisho, halafu pulizia yote kwa nguvu. Usikate." Kathuri alipuliza, na mstari kwenye kioo cha mashine ukapanda vizuri. Zamu ya mzee Nthiga ilipofika, mstari ulinyanyuka kidogo ukalala. Alikohoa akashindwa kusimama, akakalia ndoo ya gundi. Nthiga alitoka Embu miaka mingi iliyopita, na ndiye aliyemfundisha Kathuri kushika bunduki ya kupulizia bila mkono kusita. Kiende aliwaahidi wote kwamba majibu yatakuwa siri ya kila mtu.

Sasa alikuwa amekuja na majibu. Alimwita kila mmoja kando, chini ya kibanda cha mbao.

"Wewe, Baba Mwenda, bado uko sawa," alimwambia Kathuri. "Lakini huko kutapika na kichwa kuuma ni mwili unakuambia. Usingoje."

"Nisingoje niende wapi?"

Kiende alikunja karatasi yake ya majibu. Alimwita Nthiga, akaongea naye kwa muda mrefu zaidi, akimshika mkono. Mzee alikuwa akitikisa kichwa tu kama mtu anayesomewa habari za mtu mwingine.

Kaburu alikuwa akiwatazama kutoka mlango wa ofisi. Alimwita Kiende ndani, lakini mlango haukufungwa, na kompresa ilikuwa imezimwa. Kila mtu alisikia.

"Madam, niambie tu nani mgonjwa."

"Siwezi. Niliwaahidi. Lakini naweza kukuambia nini kifanyike. Toa hiyo plaiwudi kwa dirisha, weka feni ya kutoa hewa, na wape zile barakoa ziko stoo. Hayo maziwa yanaenda tumboni. Hayafiki kwa mapafu."

"Feni itapuliza vumbi kwa fanicha yangu."

"Mvuke unawapuliza watu wako."

Kaburu alisimama. Alipoongea tena, upole wake wa kanisani ulikuwa umekwisha. "Wewe umekula chai yangu hapa. Umemaliza masomo yako kwa mgongo wangu. Sasa unataka kuniletea kesi? Hii ni karakana yangu. Kama hutaniambia mgonjwa ni nani, nitamjua mwenyewe."

Alitoka, akawaita wapulizaji wote wanne uani. Siku ile mbao za vitanda zilikuwa zipelekwe duka la juu, kazi ambayo kwa kawaida ilifanywa na wapagazi. Kaburu aliwaonyesha ngazi za saruji zilizopanda ukutani hadi ghorofani.

"Kila mtu abebe kichwa cha kitanda apeleke juu bila kusimama. Mimi sitaki mtu anifie hapa halafu waseme Kaburu ameua. Mwenye atapumzika njiani, achukue nguo zake aende nyumbani akajitibu."

"Hivyo sivyo!" Kiende alisema. "Hiyo si kipimo, hiyo ni kutesa watu."

"Wewe ulipima yako," Kaburu akamjibu. "Hii ni yangu."

Kichwa cha kitanda kilikuwa cha mahogani, kizito, chenye nakshi. Nthiga, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, alisogea kuwa wa kwanza. Alivua koti akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza ya msumeno. Kathuri aliiona shingo yake jinsi mishipa ilivyokuwa ikifanya kazi hata kabla hajabeba kitu. Hakupanga neno wala tendo. Alimpita mzee, akajitwika mbao begani na kuanza kupanda.

Alipanda bila shida. Miguu yake ilikuwa na nguvu na pumzi ilikuwepo. Alipofika katikati ya ngazi, mahali ambapo kila mtu uani angemwona, alishusha mbao, akaisimamisha, akaketi.

"Nini?" Kaburu aliuliza.

"Nimechoka."

"Wewe? Hata jasho huna."

"Nimechoka, bosi."

Aliyekuwa nyuma yake aliitwa Naftaly, mtu asiyeongea sana, ambaye alisali kanisa moja na Kaburu. Naftaly alipanda na mzigo wake mpaka hapo alipokuwa Kathuri. Alitazama juu, akatazama chini, kisha akashusha mbao na kuketi ngazi iliyofuata. Wa tatu hakubeba kabisa. Alikwenda akaketi mikono mitupu.

 Maseremala waliacha misumeno. Kaburu alisimama uani, funguo mkononi, na kwa muda alionekana kama mtu aliyepotea katika boma lake mwenyewe. Halafu akasema, bila kupaza sauti, "Sawa. Basi nyote ni wagonjwa. Nendeni hospitali. Kesho msije."

Kathuri alitarajia mzee Nthiga amshukuru, au angalau amguse bega. Walipokuwa wakibadili nguo, Nthiga alimgeukia akiwa na hasira.

"Nani alikutuma?"

"Mzee, hungefika juu."

"Ningefika. Ningefia huko juu, lakini ningefika. Sasa mimi nani ataniandika kazi na huu umri? Wewe uko na nguvu. Utapata kwingine. Umenifukuzisha, Kathuri."

Kathuri alifunga kamba za viatu. Neno lile lilimwingia, kwa sababu halikuwa la uongo.

Kiende ndiye aliyewapeleka ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya kazi. Naftaly na yule wa tatu walikwenda zao, wakisema wataomba msamaha kanisani Jumapili. Kwa hiyo Kathuri, Nthiga na Kiende ndio tu waliokaa kwenye benchi, wakimngoja ofisa amalize kuongea kwa simu kuhusu harusi ya mtu. Alipomaliza aliwasikiliza kwa adabu. Aliwauliza barua za kuajiriwa.

"Hatukupewa barua," Kathuri alisema. "Tulipewa kazi."

"Basi nitajuaje mlikuwa huko?"

"Nusa shati yangu."

Ofisa alitabasamu kidogo. Alieleza kwamba madai ya ugonjwa wa kazini yana fomu yake, na sehemu ya kwanza hujazwa na mwajiri.

"Mwajiri ndiye ametufukuza," Kiende alisema.

"Basi warudi wakaongee na yeye vizuri. Kaburu ni mtu wa kusikia."

"Nimewapima mwenyewe. Majibu ninayo hapa. Mzee huyu mapafu yake yameharibika, na yeye mwenyewe amekubali nikuonyeshe."

"Hiyo ni ya shule, madam. Hapa tunataka daktari aliyeidhinishwa kwa mambo ya kazini. Kwa sasa mtampata Nairobi."

"Na kwenda kukagua kile chumba? Kiko hapa tu karibu."

"Gari haina mafuta." Alisema hivyo bila aibu yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na akawafungulia mlango.

Nje, Kiende alimpigia simu mwalimu anayemsimamia. Alisikiliza zaidi ya alivyoongea. Alipokata, uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira.

"Ameniambia nimalize kuandika. Ati mimi ni mtafiti, si wakili. Na jina la karakana lisionekane. Niandike tu, karakana moja mjini Meru."

Nthiga alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtaro akitafuta pumzi. "Sasa, mwanangu, hayo masomo yako yatasaidia nani?"

"Yatasaidia sera, mzee."

"Sera ni nani?"

 Machozi yalimtoka Kiende, naye akayafuta kwa hasira, kwa ngumi, kama mtoto. "Nitaliandika jina," alisema. "Wakilifuta, watalifuta wao. Lakini mimi nitaliandika." Nthiga alimtazama kwa huruma, akamwambia aende nyumbani apumzike.

Jua lilikuwa bado halijazama Kathuri alipofika kwake. Mkewe alikuwa hajarudi kutoka shambani kwa mamake. Muchangi, mpangaji wa mlango wa pili, alikuwa uani akifua ovaroli. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye watoto, aliyesukuma mkokoteni wa kabichi sokoni Gakoromone mpaka mgongo ukakataa. Kathuri alikuwa hajawahi kumwona na ovaroli.

"Umepata kazi?"

Muchangi aliikamua ovaroli kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kuna mtu amenipigia. Anataka wapulizaji. Nikamwambia sijui kupuliza, akasema nitafundishwa." Aliinua macho. "Ni kwa Kaburu. Sikujua ni nyinyi mmetoka, Baba Mwenda. Nimejua saa hii."

Kathuri aliketi kwenye jiwe la kufulia. Alimweleza yote: dirisha, kutapika, kifua cha Nthiga, jinsi mkewe hulalamika kwamba hata mto wa kulalia unanuka thina. Hakuongeza chumvi. Muchangi alisikiliza mpaka mwisho, maji yakimtiririka vidoleni.

"Nimesikia," alisema. "Na nimeamini. Lakini nisipoenda mimi, ataenda mwingine."

"Ndivyo hata mimi nilisema nikianza."

"Sasa ungenishauri nini? Ukweli."

Kathuri alitafuta cha kumshauri na hakukiona. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko maneno ya ofisa. Alikuwa na ukweli wote mkononi na hakuwa na mahali pa kumpeleka mtu mmoja mwenye njaa.

Asubuhi alikwenda mpaka geti la Kaburu, akasimama upande wa barabara. Watu wanaotafuta kazi walikuwa wameanza kufika, maana habari kama hizo hazilali njiani. Kathuri alimfuata kila mmoja. "Kaka, unajua ni kazi gani? Waambie watoe plaiwudi kwa dirisha kwanza. Waulize barakoa." Wengine walimpita kama wanavyompita mhubiri wa stendi. Muchangi alikuja na ovaroli yake iliyokuwa bado na unyevu. Walisalimiana kwa kichwa, naye akaingia.

Askari wa geti alitoka. "Bosi anasema uondoke."

"Mwambie hapa ni barabara."

"Atapiga simu polisi."

"Apige. Wakikuja wataniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, na nitawaonyesha chumba."

Askari alirudi ndani. Hapo ndipo Kathuri alipomwona mzee Nthiga akija kandokando ya ua, polepole, akisimama kila baada ya hatua chache. Alidhani amekuja kuomba arudishwe. Mzee alifika, hakumsalimu, akaegemea nguzo ya stima mpaka pumzi ikatulia.

"Wewe unaongea sana," alisema hatimaye. "Na hawasikii."

Mwanamume mmoja alikuwa akivuka barabara kuja getini, mkoba begani. Nthiga alimwita kwa kidole. Hakuwa na sauti ya kuita. Mtu yule, kwa heshima ya mvi, alisogea. Nthiga alifungua vifungo vya shati, akaushika mkono wa mgeni, akauweka kifuani pake mwenyewe.

"Sikia," alisema, akavuta pumzi.

Mgeni aliduwaa. Chini ya kiganja chake kifua kilikwaruza kama msasa juu ya mbao mbichi, kikakwama, kikaanza tena. Alitaka kuuondoa mkono, lakini mzee aliushikilia mpaka pumzi ya pili, na ya tatu. Ng'ambo ya ukuta, kompresa ilinguruma.

"Hiyo ndiyo kazi iko hapo ndani," Nthiga alimwambia, akamwachilia.

Mwanamume alitazama geti, akautazama mkono wake. Kisha akageuka, akarudi alikotoka. Nyuma yake walikuwa wakija wengine wawili. Nthiga aliliacha shati wazi, baridi ya asubuhi ikimpiga, akawangoja wafike.